Usichome madaftari hayo Ijumaa: jibu kwa mleta uzi anayetaka kuiacha fidla kwa ajili ya sala

Weka kiberiti chini kwanza. Nimeusoma uzi wako mara tatu, na mara zote nimekwama mahali pamoja, pale unaposema kwamba umekwisha kuyakusanya madaftari yako ya tungo za fidla, kazi ya miaka 9, ili uyateketeze Ijumaa kama sadaka, kwa sababu mlezi wako wa kiroho amekwambia kwamba moyo wenye mapenzi mawili hauwezi kusali. Umeuliza pia usali kwa muda gani kila siku, kama alfajiri ni bora kuliko usiku, na uwaeleze nini watu wa nyumbani mwako. Nitayafikia hayo. Kwa sasa ninachokiona mbele yangu ni huo moto.

Mimi nilichoma. Sikuwa mwanamuziki, nilikuwa mtazamaji wa ndege, na sikatai kwamba mtu anayelala kifudifudi kwenye umande kwa saa mbili akimsubiri kiumbe mwenye uzito wa barua anastahili kuchekwa kidogo. Kwa miaka 11 nilijaza madaftari 14. Humo niliandika siku ambayo mbayuwayu wa kwanza alionekana kila mwaka, idadi ya mayai katika kila kiota nilichokifuatilia, siku makinda yalipoanza kuota manyoya, upepo ulikotoka, na ndege gani alitangulia kuimba kabla ya mapambazuko. Ni katika kazi hiyo nilikojifunza kukaa kimya bila kudai chochote, kungoja bila kununa, na kurudi kesho hata kama leo hapakuonekana kitu, ingawa wakati huo sikujua kwamba watu wa sala hutumia miaka mingi kuyatafuta mambo hayo hayo.

Nilipoanza kusali kwa dhati, miezi ya kwanza ilikuwa mitamu mno. Machozi yalikuwa karibu, usingizi ulikuwa mchache na haukunidhuru, na kila nilichokiona nilitaka kukitoa sadaka. Katika hali hiyo nikamwendea mtu aliyekuwa akinilea kiroho na kumweleza, kama ulivyofanya wewe, kwamba katikati ya sala akili yangu hukimbilia kwenye viota. Hakuniuliza hata swali moja. Hakuuliza kama nikitoka kutazama ndege narudi nikiwa mpole au mkali, wala kama nimewahi kumtelekeza mtu kwa ajili ya ndege. Alisema tu kwamba shauku yoyote isiyomwelekea Muumba ni wizi, kwamba ninampenda kiumbe kuliko Aliyemuumba, na kwamba mzizi haung'olewi nusunusu. Nilimwamini kwa sababu alisema kwa sauti ya upole. Sauti za upole zingepaswa kubandikwa karatasi ya maelekezo, kama dawa.

Basi nikachoma, jioni moja, daftari baada ya daftari, huku nikijiona shujaa. Nikueleze jambo ambalo hakuna aliyeniambia: madaftari hayaungui upesi. Jalada hukunjamana, kingo huwa nyeusi, lakini kurasa za katikati hubaki nyeupe kwa sababu hewa haipiti, kwa hiyo inakulazimu kuyachokonoa kwa kijiti ili yafunguke, na unapoyachokonoa unasoma. Nilisoma tarehe. Nilisoma mwandiko wangu wa mwaka wa tatu, ambao ulikuwa bado wa kitoto, na maelezo ya jike mmoja aliyerudi kwenye kiota kilekile asubuhi baada ya mvua ya mawe, akakaa juu ya yai moja lililosalia. Ningeweza kuliokoa daftari hilo. Lilikuwa limeungua upande mmoja tu. Nililisukuma katikati ya moto kwa sababu niliamini kwamba kusita kwangu ndiko uthibitisho wa dhambi. Darubini nilimpa mtu nisiyemjua aliyekuwa akipita, naye akaniuliza kama ni ya wizi.

Utamu wa tendo lile ulidumu wiki tatu hivi. Baada ya hapo sala ilikauka, wala si ule ukavu wa siku mbili tatu ambao kila mtu huupitia, bali ukavu wa zaidi ya mwaka. Nilidhani nimeondoa kizuizi, kumbe nilikuwa nimekitupa chombo chenyewe nilichokuwa nikikitumia kusikiliza. Zamani akili yangu ilikimbilia kwenye kiota kwa dakika moja, ikarudi. Sasa ilizunguka majivu kwa saa nzima. Likaja na lingine baya zaidi, ambalo naona aibu kuliandika: nilianza kuwadharau watu wote ambao hawakuwa wamechoma chochote. Nilikaa katika ibada nikiwapima wenzangu kwa yale waliyokuwa bado wanayapenda. Hivyo nilikuwa nimeibadilisha shauku moja isiyomdhuru mtu kwa kiburi kilichomdhuru kila aliyekaa karibu nami, na hata viota sikuwa navyo tena.

Kutazama ndege unaweza kuanza upya, nami nimeanza. Lakini hakuna namna ya kumwuliza mbayuwayu alifika lini miaka ile. Thamani ya rekodi ile ilikuwa katika mfululizo wake, na mfululizo ukikatwa haushonwi. Tungo zako ni hivyo hivyo: utatunga nyingine, lakini zile alizozitunga mtu uliyekuwa miaka 9 iliyopita, mtu huyo hayupo tena azitunge.

Sasa huyo mlezi wangu. Miaka miwili baada ya moto niliingia kwa mara ya kwanza katika chumba chake cha ndani, nikakuta saa za mezani na za ukutani 23, zote zikigonga kwa pamoja kama kikosi, na meza yenye vibano, bisibisi ndogondogo na mafuta, ambako aliketi kila jioni kuzitengeneza. Aliniambia kwamba hiyo ni tafakuri juu ya wakati. Simchukii kwa sababu ya saa. Kwa kweli ndipo mahali pekee nilipowahi kumwona ametulia. Linalonichoma mpaka leo ni kwamba kilichoilisha roho yake alikiita tafakuri, na kilichoilisha yangu alikiita wizi. Nilipomweleza kuhusu ukavu, alijibu kwamba bila shaka kuna daftari la 15 nimelificha moyoni. Kwa hesabu hiyo kilichobaki kuchomwa kilikuwa mimi.

Nilipoondoka kwake nilianza kusoma, na nakiri kwamba nilisoma kwa hasira kuliko kwa ibada. Nilimkuta Imamu Ghazali, ambaye mwaka 1095 aliacha cheo kikubwa cha ualimu Baghdad ili aisafishe nafsi yake, yaani mtu asiyeweza kushukiwa kwamba alikuwa akiyatetea maisha laini. Naye katika kitabu chake Ihyaa anawakosoa wanaodhani kwamba lengo la juhudi ni kuyang'oa matamanio kabisa, kwa kuwa yameumbwa kwa faida, na kinachotakiwa ni kuyatiisha. Nilimkuta Sona, mtawa wa Buddha aliyekuwa mpiga vina, ala ya nyuzi, kabla ya utawa, ambaye kwa kujitesa alitembea katika tafakuri mpaka nyayo zikatoka damu. Buddha hakumwambia aisahau ala yake. Alimwuliza kama vina ilitoa sauti nzuri nyuzi zilipokazwa mno, au zilipolegea mno, na kwa jibu hilo la mwanamuziki akamfundisha namna ya kupima juhudi yake katika tafakuri. Wewe unayekaza nyuzi za fidla kila siku unaweza kuuelewa mfano huo kuliko mimi, na bado unataka kuitupa fidla.

Aliyeniliza ni mshairi Mwingereza Gerard Manley Hopkins. Mwaka 1868, kabla ya kuingia shirika la Wayesuiti, watawa wa Kikatoliki, aliyachoma mashairi yake, bila kuamriwa na mtu, kwa kudhani kwamba hayapatani na wito wake. Alikaa takriban miaka 7 bila kuandika shairi la maana, mpaka Desemba 1875 meli Deutschland ilipozama, watawa watano wa kike wakiwa miongoni mwa waliokufa, na mkubwa wake akasema kwamba ingefaa mtu aandike shairi juu ya tukio hilo. Yaani Kanisa lenyewe likaja kumwomba kile alichokuwa amekichoma kwa ajili yake. Baadhi ya mashairi yake ya ujana yamesalia kwa sababu tu nakala zilikuwa kwa marafiki. Mimi sikuwa na nakala kwa rafiki yeyote. Nani angetaka nakala ya hesabu ya mayai?

Girolamo Savonarola, mtawa na mhubiri wa Italia, naye aliongoza moto mkubwa wa vitu vya anasa Florence mnamo Februari 1497, na Mei 1498 yeye mwenyewe akanyongwa na mwili wake ukachomwa katika uwanja uleule. Silitaji hilo ili kumtishia mlezi wako. Nalitaja ili umtajie.

Kanuni yangu ni moja, na ningeipata bure kama ningesoma kabla ya kuwasha moto: funga, usichome. Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wayesuiti, katika kitabu chake Mazoezi ya Kiroho kilichoidhinishwa na Papa mwaka 1548, anamwagiza mwelekezaji kwamba akimwona mtu anasonga mbele kwa faraja na bidii kubwa, amzuie asiweke ahadi wala nadhiri ya haraka. Kwa mtu aliye katika ukavu anaagiza vilevile asibadilishe uamuzi wake. Tazama basi kinachobaki: ukiwa na moto usiamue, ukiwa na baridi usiamue. Mlezi aliyeniona nikitetemeka kwa furaha alipaswa kunishika mkono. Badala yake alinielekeza mahali pa kupatia mafuta ya taa.

Kwa hiyo yatie madaftari na fidla katika sanduku, litie kufuli, umpe ufunguo mtu ambaye hasali kama wewe na ambaye hakuogopi, kwa miezi 12 kamili. Usiahidi kitu. Mwezi wa 13 jiulize kama mwaka huo umekuwa mpole zaidi kwa watu, au umekuwa mkali na mwenye kuhesabu makosa yao. Sisemi kwamba shauku haiwezi kuwa sanamu. Inaweza, na dalili yake ni kwamba mtu mwenye shida akikuita huwezi kuiweka chini. Wapo waliofungua sanduku wakakuta hawahitaji tena kilichomo, wakakigawa kwa amani. Hao wamepoteza mwaka mmoja tu wa kungoja. Kama mlezi wako atasema kwamba kufuli ni ujanja wa nafsi, mwulize yeye jioni hufanya nini.

Kuhusu muda wa sala na alfajiri wengine humu watakujibu vizuri kuliko mimi, ambaye bado huamka mapema kwa sababu ya ndege. Unachodaiwa kabla ya Ijumaa ni kuandika hapa chini kwamba sanduku limefungwa, na ufunguo uko kwa nani.