Mpinzani wetu amelazwa: mgombea aende kumwona?

SWALI: Mimi ni katibu wa mgombea udiwani. Mpinzani wetu mkuu amepata ajali ya pikipiki, kavunjika mguu, kalazwa hospitali ya mkoa. Mgombea wangu anataka kwenda kumjulia hali, ila kamati ya kampeni inasema ataonekana anasaka kura. Utaratibu wa itifaki ukoje?

JIBU: Ndugu katibu, kamati yenu inajadili jambo lisilo lake. Mwenye neno ni mgonjwa. Mtafute ndugu anayemuuguza, umuulize kama mgonjwa yuko tayari kumpokea mgombea wako, na lini. Akikataa, ishieni hapo.

Akikubali, ndipo mmjulishe mganga mfawidhi na muuguzi wa wodi. Nendeni saa za kuona wagonjwa, kama wananchi wengine. Waingie wawili tu, bila sare za chama, wakae dakika chache. Mgombea asimhoji daktari, na akitoka asiwasimulie waandishi alichokiona kitandani. Hali ya mgonjwa ni siri yake.

Picha ndiyo huharibu kila kitu. Mpiga picha wenu asikanyage wodini kabisa. Familia ikitaka picha, ipige yenyewe na iamue yenyewe kuitoa. Mkono wa pole apewe ndugu faraghani, tena kiasi cha kawaida, maana msimu wa kampeni bahasha nene huzua maneno.

Lawama zitakuwepo, na mgombea wako azijue mapema. Mwaka 1972 nchini Marekani, Shirley Chisholm, mwanamke wa kwanza mweusi katika Bunge la nchi hiyo, alikwenda hospitali kumwona George Wallace, gavana wa Alabama aliyejulikana kwa kutetea ubaguzi wa rangi. Wote wawili walikuwa wakiwania tiketi ya urais ya chama kimoja, na Wallace alikuwa amepigwa risasi Mei 15. Alimuuliza Chisholm watu wake watasemaje. Akajibu kwamba anajua watakavyosema, ila asingependa yaliyompata yeye yampate mtu yeyote. Wapiga kura wake wa Brooklyn walikasirika kweli. Kwetu pia, Novemba 2017, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais alimtembelea Tundu Lissu hospitalini Nairobi, baada ya Lissu kushambuliwa kwa risasi Dodoma. Naona walifanya sawa.

Salamu za pole kwa maandishi zitoke leo hii, zimtaje mgonjwa na familia yake tu, bila neno lolote la uchaguzi. Hizo hazingoji ruhusa ya kumwona.