Kifurushi cha AFCON 2027: mimi nilipigwa kwa Qatar

Mgosi, umeuliza kama utoe laki nne ya kushika nafasi kwenye kile kifurushi cha AFCON 2027: usafiri, hoteli na tiketi za mechi "kuanzia makundi mpaka fainali", eti nafasi zimebaki sita. Usitoe. Anayekwambia alipigwa milioni moja na laki mbili mwaka 2022, akiwa na akili zake timamu.

Lilikuwa Kombe la Dunia la Qatar. Tulikuwa wanne, watu wa baraza moja pale Ngamiani, Tanga, kahawa na kashata kila baada ya magharibi. Kijana mwenyewe aliletwa na mtu wetu tunayesali naye, ndiyo maana hakuna aliyeuliza maswali. (Huyo aliyemleta naye alilizwa, tena kutuzidi.)

Akatutumia buking ya ndege: herufi na tarakimu sita, majina yetu yote sahihi. Nikaingia kwenye tovuti ya shirika, nikaiona kwa macho yangu. Usiku ule nililala kama mtoto. Nilikuwa sijui kwamba wakala anaweza kukushikia kiti bila kulipa hata senti. Kinakaa siku moja, mbili, muda ukiisha kinafutika chenyewe. Tiketi iliyolipiwa ina namba yake nyingine, tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika: 157 ni Qatar Airways, 071 Ethiopian, 706 Kenya Airways. Siku ya tatu naangalia tena, hamna kitu. Nampigia, ananiambia, "Mtandao unasumbua kaka, vuta subira."

Tiketi za mechi ndiyo aibu zaidi. FIFA walikuwa wanaziuza wenyewe mtandaoni, na kuingia Qatar kipindi kile ulihitaji kadi ya Hayya, inayoombwa kwa pasipoti ya msafiri mwenyewe. Yule kijana hakuwahi kutuomba hata picha ya pasipoti. Sisi tulikuwa tunabishana nani atakaa dirishani.

Aliyetuokoa na awamu ya pili ya malipo ni mke wangu. Nimeshaandika kiasi, simu ikaleta jina la mpokeaji, akachungulia: "Baba Asha, kampuni gani hii yenye jina la mwanamke wa watu?" Sikuwa na jibu. Kesho yake nikamtuma mpwa wangu aliyeko Dar aende kwenye ofisi iliyoandikwa kwenye risiti, Kariakoo. Akakuta saluni. Wakamwambia yeye ni mtu wa nne wiki ile kuulizia safari ya Qatar.

Sasa kuhusu hiki cha kwako. Cheti cha BRELA, wale wanaosajili biashara, alichokutumia kisikulaze. Kusajili jina la biashara si kazi ngumu, na cheti cha mtu mwingine kinapigwa picha tu. Muombe leseni ya biashara ya utalii ya Wizara ya Maliasili, ile wengi tunaiita TALA, halafu piga simu wizarani uulize kama namba ile ni yake. Kulipa, lipa akaunti ya benki yenye jina lile lile la kwenye leseni. Tiketi za mashindano muuzaji ni CAF na waandaaji, na mechi za kufuzu zenyewe hazijaisha. Huyu ya fainali kaitoa wapi?

Halafu, samahani mgosi, kifurushi cha kwenda Uwanja wa Mkapa, hapo Dar tu, cha nini? Basi za Dar zimejaa pale stendi ya Kange alfajiri. Ukikosa pa kulala, Mbagala huna shemeji?

Kama umeshatuma chochote, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako saa hii hii, waizuie kabla haijatolewa. Ikishatoka kwa wakala ni hadithi nyingine. Namba ya huyo tapeli itume kwenda 15040, ile ya kuripoti matapeli wa simu, kisha ukaandikishe polisi. Mimi nilichelewa siku tano kwa sababu ya kuona haya barazani, na sikupata hata mia.

Kama bado hujatuma, mwandikie hivi tu: "Nitalipa nikiona leseni na akaunti ya kampuni." Halafu rudi hapa utuambie kajibu nini.