Unayeanza kusoma barafu ya Antaktika, anza na mwamba

Wengi mnaoingia fani hii hukimbilia hewa ya ukaa. Si vibaya, kupungua kwake kulichangia sana barafu kutanda Antaktika miaka milioni 34 hivi iliyopita. Ila jiulize barafu ilianzia wapi. Ilianzia milimani. Kila ukipanda kilomita moja joto hushuka kwa takriban nyuzi 6.5, kwa hiyo theluji inayoyeyuka bondeni hudumu kileleni mwaka hadi mwaka. Rwenzori, iliyoinuliwa na nguvu za ardhini, imebeba barafu karibu na ikweta kwa sababu hiyohiyo.

Isome kwanza milima ya Gamburtsev, iliyo katikati ya Antaktika ya mashariki. Msafara wa Kisovieti uliigundua mwaka 1958, ikiwa imezikwa yote chini ya barafu. Juu yake leo uso wa barafu umepita mita 4,000, yaani barafu imejiinua yenyewe kwenye baridi zaidi. Ndiyo maana kuiondoa kunahitaji joto kubwa kuliko lililokuwepo ilipoanza kujijenga.

Zoezi utakalokutana nalo mapema ni kuiondoa barafu kwenye ramani ili uione nchi ya zamani. Usiishie kutoa unene tu. Barafu ya mita 3,000, yenye kilo 917 kwa mita ya ujazo, ikikalia miamba ya ndani ya dunia yenye kilo kama 3,300, huididimiza nchi kwa mita 830 hivi. Zirudishe. Kisha jaza mabonde yaliyochongwa na barafu, maana mwamba ukiondolewa mzigo bondeni, vilele vya jirani hupanda. Sehemu ya urefu wa mlima inaweza kuwa kazi ya barafu yenyewe, kwa hiyo usiandike kwamba mlima ulileta barafu kabla hujajua umri wa huo mwinuko. Hapa hata wakongwe hubishana.

Milima ya Transantarctic, safu inayolikata bara hilo, ni suala jingine: inaizuia barafu ya mashariki isimwagike baharini, isipokuwa kwenye mapengo kama la mto wa barafu wa Byrd, lenye upana wa kilomita 20 na ushee. Ukitumia modeli ya kompyuta yenye gridi ya kilomita 40, yaani inayoigawa nchi kwa miraba ya upana huo, pengo hilo linazibika na barafu nyuma yake inanenepa bila sababu. Likague kabla hujamwonyesha msimamizi wako matokeo.