Mtoto amegeuka, hataki kuniona

SWALI: Mahakama iliamuru nikae na binti yetu wa miaka tisa Jumamosi mbili kila mwezi. Tangu Mei nikifika getini naambiwa anaumwa, ana tuisheni, amelala. Juzi akaniambia kwenye simu: "Umekaidi amri ya matunzo." Na pesa natuma kila mwezi! Nifanyeje? – Baba mtoto, Umoja

JIBU: Hayo si maneno ya mtoto wa miaka tisa. Yeye angesema "hutupi pesa." Lugha ya kesi kinywani mwa mtoto ni dalili kwamba mtu mzima anamlisha maneno ili akuchukie, hasa akimchukia na nyanya yake wa upande wako ambaye hajamkosea lolote.

Hata hivyo, jikague kwanza. Kama aliwahi kuona kipigo au ulevi kwako, woga wake una sababu, na dawa yake ni nyingine kabisa.

Usiende kortini na jina la ugonjwa. "Sindromu" ya mtoto kugeuzwa na mzazi mmoja amkatae mwingine, aliyoitaja daktari wa akili Mmarekani Richard Gardner mwaka 1985, inapingwa na wataalamu wengi, na wakili wa mwenzako ataitumia kukupotezea siku nzima. Peleka tarehe. Nunua daftari: siku, saa uliyofika, nani alifungua geti, alisema nini. Toa taarifa ya M-Pesa ya miezi yote. Ujumbe wa simu uchapishwe pamoja na cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kinachoeleza ulivyotolewa kwenye simu. Bila hicho, upande wa pili utaupinga.

Kisha wakili wako aombe, katika faili ileile, ripoti ya afisa wa watoto, makabidhiano mahali pasipo pa yeyote kati yenu, na Jumamosi zilizopotea zifidiwe. Mtoto aliyekaa miezi bila kukuona aanze na saa moja au mbili, si siku nzima. Ombi la kumwadhibu mama kwa kudharau mahakama liwe la mwisho: akifungwa, binti atakuwa na sababu halisi ya kukuchukia.

Usisimamishe matunzo kwa hasira. Matunzo na kumwona mtoto ni mambo mawili, na hakimu hatakuelewa. Wala usimvizie shuleni.

Siku mtakapoonana akirudia yale ya matunzo, usimtolee risiti. Mwambie, "Hayo ni ya wakubwa, mama. Umekula?"