Kabati la chini ya sinki

Pasua, Moshi

Mwanangu,

Jumapili uliniuliza: mpangaji wako wa Njiro ametoka, makabati ya jikoni kayaacha hovyo, dipoziti yake ni 600,000, je, uikate yote? Nilisema nitakujibu kwa simu, lakini kwenye simu wewe hunikatiza na mama yako hudakia. Bora niandike.

Picha nimezitazama kwa miwani na bila miwani. Milango miwili chini ya sinki imevimba, ubao wa chini umefumuka kama andazi lililosahaulika kwenye chai, na mlango wa tatu unaning'inia kwa bawaba moja. Fundi amekutajia 450,000 kutengeneza upande huo upya. Lakini hukuniambia makabati yana umri gani, ikabidi nikumbuke mwenyewe: yalifungwa mwaka ule shangazi yako alipovunjika mguu, yaani miaka sita sasa. Chipbodi ya jikoni tuipe miaka 12, na hapo nimekuwa mkarimu. Basi nusu ya maisha yake ilishaliwa, na walioila waliilipia kila mwezi. Nimelisema hili tangu mkiwa wadogo: kodi ndiyo inayolipa uchakavu. Kwa hiyo 450,000 tayari ni 225,000, na bado hatujauliza maji yalitoka wapi.

Habari ya kabati la Majengo unaijua, mama yako huisimulia kila Krismasi, ila yeye huruka pale ambapo ni wewe uliyebembea mlangoni ukitafuta sukari guru. Mwaka 1994 huo, una miaka minne. Kabati la saipresi, la wavu, tulilikuta pale na lilikuwa limeshaliwa na mchwa mguu mmoja. Nilikuwa nimelitegea tofali. Tulipohama, mwenye nyumba alitoka na kaunta buku lake, akaandika: kabati jipya. Si mlango, kabati! Dipoziti ya miezi miwili ikaenda yote, nikaongeza 6,000 ambazo mama yako alikuwa ameziweka za viatu vyako.

Miezi mitatu baadaye nikarudi kuchukua beseni tulilosahau. Yule mzee akanikaribisha chai. Nimekaa pale kwenye kigoda, mpangaji mpya anaingia jikoni kuchukua sukari, na mimi naona mlango ukifunguka: kabati lilelile, tofali langu lilelile, mlango umefungwa kwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Na chai nikainywa, mwanangu. Nikamwambia asante.

Sisemi aliniibia. Mlango ulivunjika kweli, na aliyeuvunja ni damu yangu. Bawaba mbili na nusu siku ya seremala ningelipa bila kinyongo. Huenda hela ile ilikwenda kwenye ada, sikumuuliza. Hapana, aliniibia. Aliandika kabati jipya na hakununua hata msumari.

Turudi Njiro. Chipbodi ni vumbi la mbao na gundi. Ikishakunywa maji huvimba na hairudi tena. (Nilikuambia uweke mninga, ukaniambia bei.) Sasa itazame picha ya nne, kwenye ubao wa chini: kuna alama ya duara. Ile ni ya beseni. Yule mtu alikuwa anakinga maji, tena si ya siku mbili. Alijua bomba linavuja. Ninachotaka kujua mimi ni kama na wewe ulijua. Kama alikuambia nawe ukamjibu fundi bomba atakuja wiki ijayo, basi ubao ule umeuua wewe, na hizo 225,000 ni mzigo wako. Kama alinyamaza akawa anamwaga beseni kila jioni, hapo ana deni, maana uchakavu haumwagi maji. Lakini hata akinyamaza, watu hunyamaza kwa kumwogopa mwenye nyumba. Mimi nilinyamaza na mchwa mwaka mzima. Sijui kama hiyo inampunguzia. Nadhani inampunguzia kidogo.

Mlango wa tatu usiufanye kesi. Skrubu imechomoka, fundi atajaza tundu kwa njiti na gundi, au asogeze bawaba. Milango tisa, miaka sita, mmoja umelegea: hiyo ni kodi, hiyo.

Kiasi cha kukata sikutajii, nyumba ni yako na jasho ni lako. Mama yako anasema kata yote, eti ulimwachia mpaka mapazia. Mimi nina namba yangu kichwani na haifiki hata robo ya laki sita, lakini sitaji. Tafuta kwanza kwenye simu ujumbe wake kuhusu bomba, uangalie na tarehe, kisha nipigie. Na ukikata chochote, umpe karatasi yenye bei ya fundi, na fundi awe ameshaanza kazi.

Bawaba mbili nimekununulia hapa mjini. Nitazituma kesho na basi la asubuhi, kwa yule konda wetu.

Baba yako