Sukari ya mama imepungulia njiani

Pole dada. Unauliza imekuwaje sukari ya mama isome 9 kwa kidole kule Pangani, halafu damu iliyotolewa saa hiyohiyo, ikaletwa Tanga mjini kwa basi na kupimwa mchana, isome 6. Niko maabara, haya nayaona sana. Damu ikishatoka mwilini haifi. Chembe zinaendelea kula sukari humohumo kichupani, asilimia 5 hadi 7 kwa saa, na joto letu la Februari linazidisha. Kichupa cha kizibo cha kijivu kina floraidi ya kuzuia hilo, ila nacho huchelewa kushika. Saa ya kwanza au mbili bado inapungua.

Sasa msikimbilie barafu! Damu nzima ikipoa kabla ya kutenganishwa, potasiamu, madini ambayo nayo hupimwa kwenye damu, huvuja kutoka kwenye chembe, jibu lake linapanda, mgonjwa anatishwa bure. Ikigandishwa kabisa chembe zinapasuka, yale maji ya juu yanakuwa mekundu kama juisi ya choya. Hiyo siipimi.

Mleteni mwenyewe mjini asubuhi, atolewe hapa. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi 3 ndicho kinachovumilia safari, damu yake kwenye friji inakaa hata siku kadhaa.