Skripti haina miguu ya kukimbizwa

Swali: Shikamoo, mwalimu. Mimi ni kijana wa Malindi, nawaandikia wenzangu mwongozo wa Docker, zana ya kuendeshea programu ndani ya makontena, yaani nafasi zilizotengwa ndani ya kompyuta. Natafuta neno la Kiswahili la "run" ya Kiingereza. Nimeandika: "Unaweza kukimbiza skripti ndani ya picha ya kontena kila inapowashwa." Rafiki yangu anasema niandike "kurani skripti". Nani yuko sawa?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hakuna aliye sawa, na nashukuru umeuliza kabla mwongozo haujatoka, maana hili la kukimbiza limenichoma moyo miaka mingi.

Kwetu Lamu, neno kukimbiza mtoto hafundishwi, maana yake huiona kwa macho. Siku za Maulidi punda hukimbizwa ukingoni mwa bahari, vijana juu ya migongo yao, na mji mzima umejipanga kutazama. Mwizi hukimbizwa. Mgonjwa akizidiwa usiku, hukimbizwa hospitali kwa boti. Pote hapo kuna kiumbe na kuna haraka. Neno limetokana na kimbia, likatiwa kiambishi cha kusababisha, na mbio zake halizitui popote liendapo. Sasa skripti yakimbizwa na nani, ikimbilie wapi? Skripti ni amri zilizopangwa kwa mfuatano, na amri tangu hapo hutekelezwa. Programu nayo huendeshwa, kama gari, kama mashine ya kusaga. Kuendesha kumetoka kwa enda, neno lisilo na haraka: lafaa programu ya sekunde moja, lafaa na seva ikaayo mwaka mzima.

Wala sibishani kwa ajili ya urembo. Ukiandika "kukimbiza programu", msomaji makini ataelewa kwamba waiongeza kasi. Kuongeza kasi ya programu ni kazi nyingine kabisa. Siku utakapotaka kuieleza kazi hiyo, utatumia neno gani, ikiwa hili umekwisha kulitupa ovyo?

Hilo la rafiki yako silikubali hata kidogo. Kurani ni jina la Kitabu. Mtu wa Lamu au Malindi akiliona neno hilo kwenye ukurasa, jicho lake litasimama hapo, na amri zako hatazisoma tena. Tuna kutekeleza, tuna kuendesha. Kipi kilichopungua hata tukaazime?

Kuhusu picha, yaani kifurushi cha mafaili ambacho kontena huanzishwa kutokana nacho, wengine husema taswira. Chagua utakalo, sitagombana. Ila skripti yako haitekelezwi ndani ya picha, kwa kuwa picha imetulia kama ilivyohifadhiwa. Hutekelezwa ndani ya kontena litokalo kwenye picha hiyo, na hapa ndipo neno baya lilipokufichia jambo lenyewe. Nenda Matondoni, kijiji cha kisiwani Lamu, ukawatazame mafundi wa majahazi. Kuunda chombo, kukitia kalafati (kuziba nafasi za mbao zake), kukipaka sifa (mafuta ya samaki), hizo ni kazi za nchi kavu. Kutweka tanga ni kazi ya safarini. Amri ya RUN katika Dockerfile, faili la maagizo ya kuunda picha, ni kalafati: hutekelezwa wakati wa kuunda, na kinachobaki ni mafaili tu, yaliyohifadhiwa kama tabaka la picha. Ukiwasha seva kwa RUN, hata ikiwaka, umetweka tanga chombo kikiwa juu ya magogo. Kuunda kukiisha, seva haipo. Amri nyingine za faili hilo, ENTRYPOINT na CMD, ndizo za safari, husubiri kontena lianze. Wewe umeyaita yote kukimbiza, na mwanafunzi wako ataiweka skripti penye RUN, kisha akeshe akitafuta kosa.

Skripti yenyewe iite skripti ya kuanzishia. Sentensi yako iwe hivi: "Skripti ya kuanzishia hutekelezwa ndani ya kontena kila kontena linapoanzishwa." Na ni linapoanzishwa, si inapoanzishwa: kontena hili, makontena haya.